Ufito na Upepo

Mwaka 1960 Blondie Hasler, afisa mstaafu wa Uingereza, alivuka Atlantiki peke yake kwa siku 48 katika Jester, mashua yenye tanga la Kichina. Fito ngumu zalifanya tanga la namna hiyo bapa kama mkeka. Kubisha huwa kuzito. Waundaji wa majumbani waliomfuata wakajaribu fito za kunyumbuka, ili tanga lipate tumbo. Hapo ukadhihiri ukaidi wa upepo: uwapo mwanana, haupindi ufito, ilhali tumbo lahitajika, ukivuma kwa nguvu, huupinda mno, ilhali ubapa ndio salama. Wengi wakaurudia ufito mgumu, tumbo wakalishona katika kitambaa chenyewe. Kunyumbuka ni sifa, lakini kwa wakati wake.