Msimu wa Korosho, Newala

Mwezi wa kumi ukiingia, Newala yote ilinuka mabibo. Yalianguka mekundu na ya manjano chini ya mikorosho, yakachachuka juani, nzi wakayavamia. Na uani kwa jirani harufu ya uraka ikapanda pamoja na moshi wa asubuhi. Tulitoka kungali giza, ndoo mkononi, kwenda kuokota korosho.

Kifutu hulala humo humo kwenye majani makavu, naye hana haraka ya kukimbia. Shangazi alimkanyaga akiwa na kandambili. Tulisikia nyoka akifoka, kisha shangazi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameniuma."

Vitundu viwili juu ya kifundo vilivuja damu. Mtu akaleta kanga afunge mguu. Babu akakataa, akasema mguu ukikazwa utaoza. Yeye alikata kikuku tu, kabla uvimbe haujakimeza.

Tulipofika zahanati kwa baiskeli, mguu ulikuwa umejaa hadi gotini, unang'aa kama biringanya, na fizi zimeanza kutoa damu. Muuguzi akavuta damu kidogo, akaitia katika kichupa cha kioo kikavu, akakisimamisha dirishani. "Dakika 20, mtu asikiguse."

Nakiona kichupa kile hadi leo, jua likipenya pembeni mwake, chumba kikinuka spiriti. Ili tusilie, babu akatusimulia habari za Ionides, Mwingereza wa Liwale aliyekuwa akija Newala kukamata nyoka wa kijani mikoroshoni na miembeni. Sumu ya hao, alisema, hukimbilia mishipa ya fahamu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, mate hayamezeki, mwisho kifua hushindwa kuvuta pumzi. Ya kifutu hukaa na nyama, na ikiingia nyingi huivuruga damu.

Muuguzi akakiinamisha kichupa. Damu ikateremka ubavuni, majimaji matupu, haikuganda hata tone. Akaagiza gari la hospitali papo hapo.

Huko alitundikiwa dawa ya sumu, damu ikarudi kuganda. Mguu ulichelewa. Malengelenge yalipasuka, ngozi nyeusi ikabanduka, madaktari wakapandikiza nyingine kutoka pajani. Maskini shangazi, alivumilia.

Msimu uliofuata, pesa ya korosho za kwanza aliinunulia gambuti, zake na zetu sisi watoto, na hakuna aliyeruhusiwa tena kuingia shambani peku.