Kutoka Ulinzi hadi Inter
Wapenzi wengi wa kandanda walioishangilia Ulinzi Stars uwanjani Afraha, Nakuru, yamkini hawakukumbuka kwamba McDonald Mariga, mzaliwa wa 1987, naye aliwahi kupitia klabu hiyo ya wanajeshi. Mwaka 2005 alihamia Enköping, Uswidi, klabu isiyovuma. Kule Helsingborg alicheza bega kwa bega na Henrik Larsson, na mwaka 2007, akiwa na miaka 20, akatua Parma, Italia. Januari 2010 Manchester City walimtaka, lakini alinyimwa kibali cha kazi: Kenya ilikuwa chini mno katika orodha ya FIFA. Unyonge wa taifa zima ukamwangukia kijana mmoja! Siku chache baadaye Inter walimsajili. Mei 22, jijini Madrid, walitwaa Ligi ya Mabingwa. Mariga alikuwa benchi.