Sio Soda, Ni Sofa! Kilichomkuta Shangazi Yangu na Kisukari Chake

Kuna muigizaji mmoja wa Bongo Movie, jina nalihifadhi, juzi kati kaweka wazi kwamba ana kisukari. Posti haijapoa, komenti zikamiminika: "Punguza chipsi mama", "Acha soda", "Mastaa mnakula hovyo sana". Nimezisoma karibu zote. Wote wameuliza anakula nini. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: dada, kwa siku unakaa masaa mangapi?

Naliuliza hilo kwa sababu ya shangazi yangu. Yeye sio staa, ila mtaani kwetu anajulikana kuliko diwani. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kuchoma vitumbua, mchana yuko sokoni, jioni anafungua genge. Alipokutwa na kisukari aina ya 2, wakubwa wakakaa kikao. Uamuzi ukatoka: mgonjwa apumzike. Genge likafungwa, akaletewa binti wa kazi, akanunuliwa sofa na king'amuzi. Hata maji ya kunywa analetewa. Kwetu huo ndio upendo wenyewe, mgonjwa akishika ufagio majirani wanauliza kama hana ndugu.

Miezi ikapita, sukari ikapanda. Asubuhi kabla hajala mashine inasoma 11, mara 12. Dawa anameza, chai anakunywa bila sukari, ugali umepunguzwa. Basi ikaanza kesi. Anakula kwa siri! Siku moja binamu yangu akapekua mpaka chini ya godoro akitafuta biskuti. Hakukuta kitu. Shangazi alilia siku ile, mtu mzima kabisa, analia kama mtoto kasingiziwa kuiba.

Nesi wa kliniki ndiye aliyeshtuka. Akamuuliza siku yake inavyokwenda, shangazi akamuelezea tamthilia zote kuanzia saa tatu asubuhi. Nesi akacheka, kisha akasema tatizo tumelikalia. Mimi biolojia ya form four nilitoka na D, ila hapa nilielewa vizuri, na nikaenda kusoma zaidi.

Iko hivi. Ukila, sukari inaingia kwenye damu, na mteja mkubwa wa hiyo sukari ni misuli. Seli za misuli zina vimilango vinaitwa GLUT4, muda mwingi vimejificha ndani. Insulini ikija inabisha hodi, vimilango vinapanda juu, sukari inaingia. Kwa mwenye kisukari aina ya 2 hodi inabishwa lakini haisikiki vizuri. Sasa utamu uko hapa: msuli ukifanya kazi, yaani ukijikunja na kujikunjua, vimilango vinapanda vyenyewe hata bila hodi ya insulini! Na baada ya mazoezi msuli unabaki msikivu kwa insulini siku nzima, wakati mwingine mbili.

Ukikaa tu, mambo yanageuka. Msuli una ghala lake la sukari, na kama hautumii kitu ghala linabaki limejaa, mzigo mpya utauweka wapi? Unabaki barabarani, kwenye damu. Halafu msuli usiotumika unapungua, kwa hiyo hata mteja mwenyewe anazidi kuwa mdogo.

Na haichukui miaka. Denmark walichukua vijana 10 wazima, hawana kisukari, waliozoea kutembea kama hatua 10,000 kwa siku, wakawashusha mpaka kama 1,500. Wiki mbili tu! Uwezo wa insulini yao kufanya kazi ukashuka kwa asilimia 17, na miguu ikapungua nyama. Vijana wa rika letu hao, wewe unayesoma hapa umelala chali. Sasa pata picha mtu ambaye tayari ana kisukari.

Habari njema, sio lazima ukanyanyue vyuma gym. Utafiti wa Australia kwa watu wenye kisukari aina ya 2 ulionyesha kwamba kuamka kila baada ya nusu saa na kutembea taratibu dakika 3 kunashusha sukari baada ya kula, ukilinganisha na kukaa mfululizo. Dakika 3 ni tangazo la biashara kwenye hizo hizo tamthilia. Ila anayechoma insulini au anayetumia vidonge vinavyoshusha sana sukari aongee na daktari kwanza, inaweza kushuka kupita kiasi akaanguka. Na viatu vizuri jamani, kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari sio cha kuchezea.

Shangazi sasa akimaliza kula mchana anafagia uwanja, tangazo likiingia anasimama. Genge bado hajaruhusiwa kufungua, ndio ugomvi uliobaki. Mashine asubuhi inasoma 8, kuna siku 7 na pointi, dawa ni zile zile. Binamu yangu mpekuzi hajaomba msamaha mpaka leo. Jumapili baba mkubwa alikuja, akamkuta kashika ufagio, akafoka getini: "Yaani nyumba nzima hii mgonjwa ndiye anafagia?" Shangazi hata hakugeuka. "Kaka, kaa wewe kwenye sofa, mimi nimeshalichoka."