Rotaveta na Bustani ya Mlimani: Kutoka Kamembe Hadi Bugarama

Mgeni aingiaye Kamembe kwa barabara itokayo Huye hupita kwanza katika kivuli cha msitu wa Nyungwe, kisha kati ya mashamba ya chai, na mwishowe huliona Ziwa Kivu limelala chini yake. Ng'ambo ya maji ni Bukavu, mji wa Kongo. Kati ya nchi hizo mbili hupita mto Rusizi, ambao huanza hapo hapo ziwani na kwenda kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Wilaya ilichukua jina la mto huo mwaka 2006. Hata hivyo wazee bado huiita nchi ile Cyangugu, wala hakuna anayejisumbua kuwasahihisha.

Jambo linalovuta macho ya mgeni ni jinsi ardhi ilivyogawanyika. Kila kilima kina vipande vya migomba, maharage, mihogo na mboga, kimoja kando ya kingine, na vingine havizidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu. Familia nyingi za wakulima nchini Rwanda huishi kwa ardhi isiyotimiza hekta moja. Katika vipande hivyo kazi yote hufanywa kwa jembe la mkono, ambalo wenyeji huliita isuka, na aghalabu mshikaji wake ni mwanamke.

Basi si ajabu kwamba mtu aliyetumikia jeshi au polisi kwa miaka ishirini, akastaafu na kurudi nyumbani kwake mlimani, huanza kufikiria trekta. Kambini amezoea magari na mitambo, na ana akiba. Askari na polisi wa Rwanda huweka akiba zao katika Zigama CSS, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa mwaka 1997, na fedha ya miaka mingi ikikusanyika huonekana kuwa nyingi kuliko ilivyo. Mkewe naye, ambaye muda wote huo alikuwa akiilima bustani peke yake, huenda ana mawazo mengine juu ya fedha hiyo: bati la nyumba, karo ya watoto, au tangi la maji. Katika nyumba ya namna hiyo swali la zana si swali la fundi peke yake.

Zana inayotamaniwa zaidi na mwenye bustani ni rotaveta. Hiyo ni mashine ifungwayo nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, na huzungushwa na shafti itokayo katika injini ya trekta lenyewe, kwa kawaida mizunguko 540 kwa dakika. Ndani yake mna mhimili wenye visu vilivyopindwa mfano wa herufi L. Visu hivyo hukata udongo, huuvunja na kuuchanganya na majani na samadi, hata kwa kupita mara moja au mbili kitalu huwa tayari kupokea mbegu. Aliyeitengeneza ni Arthur Clifford Howard, kijana wa Australia, aliyeanza majaribio yake mwaka 1912 katika shamba la babake karibu na Gilgandra. Visu vyake vya kwanza vilirusha udongo kando. Umbo la L ndilo lililomaliza taabu hiyo.

Sasa na ipigwe hesabu. Tuseme bustani ina urefu wa meta 25 na upana wa meta 20, yaani meta za mraba 500. Rotaveta yenye upana wa meta 1.2, ikienda polepole sana, kilometa moja na nusu kwa saa, hufunika meta za mraba 1,800 kwa saa moja. Kwa hiyo bustani nzima, hata ikipitiwa mara mbili na kuhesabiwa na wakati wa kugeuza, haizidi kazi ya saa moja na kidogo. Misimu ya kupanda ni miwili kwa mwaka. Maana yake ni kwamba trekta, rotaveta, mafuta, spea na banda la kuvihifadhia vimenunuliwa kwa ajili ya kazi ya saa mbili au tatu katika mwaka mzima! Bustani hiyo hiyo humchukua mtu mmoja mwenye jembe siku tatu au nne kwa kila msimu. Ni siku za kuumiza mgongo, hilo halikanushiki. Lakini ni siku nne.

Tena hiyo ni hesabu ya ardhi tambarare, na mlima wa Rusizi si tambarare. Trekta dogo lenye zana nyuma huhitaji meta nne au tano kila mwisho wa mstari ili ligeuke. Katika bustani ya meta 25 nafasi hiyo ni kubwa mno, na kwenye matuta ya ngazi, ambayo huchongwa kufuata mlima ili kuzuia mmomonyoko, pengine hakuna hata njia ya kulifikisha trekta. Likifikishwa, kuna hatari ya kupinduka kwa kuwa kilima kinainama ubavuni. Udongo nao ukisagwa kuwa laini kama unga, kisha mvua kubwa ya msimu ikanyesha kabla mazao hayajashika, huteremka mlima mzima hadi mtoni. Jembe la mkono huacha mabonge, na mabonge hayo huzuia maji. Kwa hiyo mama anayelima ubavuni mwa kilima kwa jembe hatendi hivyo kwa sababu ya ujinga wa mashine.

Hali hubadilika kwa yule ashukaye kusini kufuata bonde la mto. Ziwa Kivu liko meta 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Bugarama, ulio mahali pa chini kabisa pa Rwanda, uko karibu meta 950. Joto huongezeka kila barabara inapopinda. Hupitwa kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, na si mbali na hapo zipo chemchemi za maji ya moto ambazo watu huziendea kuoga wakitafuta nafuu ya maumivu ya viungo. Kisha milima husimama nyuma na ardhi hujitandaza. Hapo Rwanda, Burundi na Kongo hukutana, na msafiri hupata mahitaji yake kwa Kiswahili bila taabu, maana lugha hiyo imekaa Bugarama tangu zamani, kabla haijafanywa kuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017.

Uwanda huo ni wa mpunga. Zao hilo lilianza kushika mizizi nchini katika miaka ya 1960 kwa msaada wa wataalamu wa Taiwan, na baadaye wa China. Maji ya mto Rubyiro hupitishwa katika mifereji hadi majarubani, na wakulima wamejiunga katika vyama vya ushirika. Kabla ya kupandikiza miche, udongo wa jaruba hauna budi kuvurugwa pamoja na maji mpaka uwe uji mzito usiopitisha maji kwenda chini. Kazi hiyo ndiyo hasa inayoifaa mashine ya visu vizungukavyo. Kosa ambalo mlimani huleta hasara, yaani kuusaga udongo kupita kiasi, katika jaruba ndilo linalotakiwa.

Hata hivyo Bugarama nayo haidai trekta kubwa. Majaruba ni madogo, kingo zake ni za udongo, na trekta zito huzama. Ndiyo maana katika nchi za mpunga watu hupenda pawatila, trekta la magurudumu mawili linaloongozwa na mtu atembeaye nyuma yake, lenye nguvu za farasi 8 hadi 15 na magurudumu ya chuma kwa ajili ya tope. Tanzania iliziagiza kwa wingi baada ya kutangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009. Zilifaa katika mpunga, lakini katika udongo mkavu na mgumu wa juu wakulima wengi walizilalamikia. Mashine ilikuwa ile ile. Ardhi ndiyo iliyokuwa tofauti.

Kwa mwenye shamba tambarare la kutosha, au kwa jirani kumi waliokubaliana kununua pamoja, rotaveta ya trekta yaweza kuwa na maana. Hapo yafaa kuangalia upana kwanza. Uwe sawa na nafasi ya magurudumu ya nyuma au uzidi kidogo, ili alama za magurudumu zifutwe. Lakini usizidi uwezo wa injini. Trekta la nguvu za farasi 25 huivuta vizuri rotaveta ya meta 1.2, na mwenye kulifungia ya meta 1.8 kwa tamaa ya kumaliza upesi atalisikia likikohoa. Trekta pia liwe na gia ya kwenda taratibu sana, la sivyo udongo hukwanguliwa juu juu tu. Ile ambayo visu vyake huzunguka kinyume cha mwendo wa trekta hupasua ardhi ngumu vizuri zaidi, bali hula nguvu na bei yake ni kubwa. Bustani iliyokwisha kulimwa miaka mingi haiihitaji. Na kwa kuwa milima hii haikosi mawe, mnunuzi aulize kama shafti ina bolti ya kukatika au klachi ya kuteleza. Jiwe likikamata kisu, bolti ndogo ikivunjika, giaboksi husalimika. Muuzaji asiyeweza kuonyesha bolti za akiba na visu vya akiba pale pale dukani hafai kupewa fedha, hata rangi ya mashine yake iwe ya kupendeza namna gani.

Shafti hiyo huzunguka karibu mara tisa kwa sekunde moja, na kitenge au kanga ikinaswa hakuna muda wa kupiga kelele. Kifuniko chake kisiondolewe kamwe, na watoto, ambao hupenda kufuata trekta nyuma, wazuiwe mbali.

Aliye na bustani ya mlimani peke yake, akiba yake itafanya kazi zaidi katika samadi, tangi la maji na mbegu njema. Na kama ana kipande bondeni, akodi mashine kwa siku moja. Siku ya kulima ni vema aichague mwenye bustani mwenyewe. Huchukua udongo kiganjani na kuukamua: ukishikamana kama ugali huahirisha, ukimeguka huita jembe au mashine. Baada ya wiki chache mchicha wake, ambao huko huitwa dodo, utavuka mpaka kwenda Bukavu kichwani mwa wachuuzi, pamoja na nyanya na vitunguu vya majirani, kabla jua halijawa kali.