Karate ya Afande

Miaka ya 1980, kijana wa Mungaa aliyekwenda Singida mjini akarudi bila habari za Bruce Lee alihesabiwa kuwa hakufika. Bruce Lee mwenyewe alishafariki tangu 1973, lakini kwetu alikuwa mzima kabisa, na tulimwigiza nyuma ya zizi kwa mateke na makelele. Ilipovuma kwamba Afande anafundisha karate ya kweli, tulikwenda mbio.

Afande lilikuwa jina la kazi lililomganda. Alitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), akapigana Vita vya Kagera, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwamo. Karate aliipata baada ya vita, akiwa Dar es Salaam, kwa vijana waliotokea dojo ya Zanaki. Dojo hiyo ilianzishwa miaka ya 1970 na Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyekuja na mtindo wa Goju-ryu, ule wa Chojun Miyagi wa Okinawa. Yaani mateke yetu yalitoka Japani yakazungukia Marekani ndipo yakatua kwenye mashamba ya uwele.

Mwanzoni Afande alitufundisha kama makuruta. "Chini! Juu!" Pushapu tulipiga kwa ngumi juu ya changarawe, na mchelewaji alikula fimbo. Balozi wa nyumba kumi alifika kuuliza kama hapa linaundwa jeshi jingine. Afande akampigia saluti, balozi akaondoka bila jibu. Habari za vita hakusimulia hata tukimbembeleza.

Mambo yaligeuka msimu mmoja wa mavuno. Mwenzetu mmoja, mkubwa kuliko sisi, alimpiga mtu kilabuni akamvunja taya. Tukasubiri achapwe. Afande hakumgusa. Alimchukua hadi nyumbani kwa majeruhi, akavua kofia, akaketi chini mbele ya wazee na kuomba radhi kana kwamba aliyepiga ni yeye. Kisha wote wawili wakavuna mtama wa familia ile hadi shamba likaisha, wakaupura na kuuingiza ndani.

Kuanzia hapo fimbo haikuonekana tena, na ngumi zikasogezwa mwisho kabisa. Mwanafunzi mpya alianza kwa kufagia kiwanja, akafuatia kusalimia wakubwa wote waliopita njiani, kisha zoezi la Sanchin: magoti yamelegezwa kidogo, vidole vya mguu wa mbele vimeelekea ndani, viwiko vimebana mbavu, pumzi inavutwa puani na kushushwa hadi chini ya kitovu. Hatua tatu, unageuka, unarudia. Afande alipita nyuma yako akikugonga mabega kwa viganja. Ukikasirika, pumzi inakusema, naye anakuanzisha upya. Wengi walitaka teke la kuruka, wakaacha. Nadhani hao ndio aliotaka waache.

Hotuba za maadili hakuwa nazo. Tangu wakati ule nimehudhuria semina nyingi za nidhamu, zenye soda na posho, na sijaona iliyonifikia kama kumwona mzee yule akipura mtama usio wake.

Jambo moja tu alilishikilia kwa ukaidi: wasichana hawakuruhusiwa, na hoja yake ilikuwa sketi. Mpaka jioni moja mjukuu wake akasimama mstari wa nyuma na suruali ya kaka yake. Babu akampita kama hakumwona. Kesho yake alimrekebisha viwiko, na mjadala ukafia hapo.

Leo Mungaa imo wilaya ya Ikungi, na filamu zote ziko kwenye simu. Afande hainui tena mguu kupita goti. Anayefundisha ni mjukuu yule, na mstari wa mbele wamejaa wasichana. Mzazi unayetaka kumpeleka mwanao, mwambie mapema asije akasononeka: miezi ya kwanza ni kufagia na kupumua tu.