Maji Yaliyoondoka Hayakwenda Mbali

Baba zetu wa Ufipa walilima kwa kuozesha. Mvua zikikaribia kwisha, walikusanya nyasi na kuzifukia kwa udongo, yakawa matuta ya mviringo yaliyotapakaa uwanda mzima. Nyasi zilioza humo, na msimu uliofuata matuta yalitawanywa, ukapandwa ulezi. Udongo wetu si wa rutuba nyingi. Uozo huo ndio uliotulisha.

Kizazi changu ndicho kilichopokea vitu visivyooza. Mkoa wetu wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na baadaye tukawa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ghala la mahindi la taifa. Mbolea ya chumvichumvi ikaja kwa malori. Siitukani: imesomesha watoto wetu. Lakini mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ikirudiwa msimu hadi msimu bila chokaa huongeza uchachu wa udongo, na naitreti ambayo mimea haikuiwahi huteremka na mvua hadi visimani.

Hayo ya mbolea bado yana dawa. Viuatilifu vya zamani ndivyo vinavyoninyima usingizi. DDT ilisifiwa kwa sababu ileile inayotutisha leo: inadumu. Haipendi maji, inapenda mafuta. Hivyo huhama kutoka kwa dagaa kwenda kwa samaki mkubwa, kwa ndege, hadi kwenye maziwa ya mama. Mwaka 1986 Ugiriki ilitupa msaada wa viuatilifu vilivyochakaa, vikawekwa bandani Vikuge, Kibaha. Banda lilianguka, na miaka mingi baadaye udongo wa pale ulipopimwa, DDT ilikuwa bado ipo. Nayo zebaki, ingawa si kiuatilifu, ni mbaya zaidi, maana hiyo haivunjiki kamwe. Wachimbaji wadogo wa Lupa, Chunya, huitumia kunasa dhahabu, na mito ya huko huelekea Ziwa Rukwa. Ndani ya tope vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwenye nyama ya samaki.

Nasi tuliozaliwa huku juu tumezoea kusema maji yameondoka na sumu. Yameondoka kwenda wapi? Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake huchukuliwa na jua, lakini zebaki iliyozama topeni hubaki pale pale. Wanaovua na kula humo ni wakwe zetu na wajukuu wetu wa bondeni.

Vijana wangu, mnapulizia mahindi kila msimu kwa sababu ya viwavijeshi, na siwezi kuwaambia muache. Bomba la dawa lisioshwe mtoni. Lisuuzieni shambani, na maji yake myanyunyize kwenye shamba lilelile. Chupa tupu itobolewe, isirudi nyumbani kuwekwa mafuta ya kula. Na kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea, pelekeni udongo wenu ukapimwe kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya.