Kopo na Matabishi Yake

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta, lile la bati la lita nne lililokuja sita-sita katika katoni. Yalipokwisha mafuta nililikata mdomo kwa panga, nikazipinda kingo kwa jiwe zisije zikamkata mtu, nikalipeleka kwenye mizani. Ukilijaza unga na kupitisha kiganja juu, lilibeba kilo mbili kamili. Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu, na kwa miaka kadhaa nilikiamini kuliko nilivyomwamini binadamu yeyote wa shule niliyofanyia kazi.

Kupima chakula nilijifunza ukimbizini. Tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vilipofika kwetu Fizi, Kongo, tukaishia kambi ya Lugufu, upande wa Kigoma, Tanzania. Nilikuwa kijana anayejua kusoma na kuhesabu, basi wakaniweka kwenye foleni ya posho, upande wa wanaogawa. Pale nilizoea jambo moja: kila anayenyoosha gunia lake anaamini aliyetangulia amepewa zaidi. Dawa yake ni kopo lililosawazishwa juu, mbele ya macho ya watu. Niliporudi na meli ya MV Mwongozo mwaka 2006, nikashukia hapa Baraka na godoro na sufuria mbili, mazoea hayo nilikuwa nayo mkononi.

Siku zile mji ulikuwa magofu na nyasi. Watu walishuka kutoka melini kila wiki, na watoto waliokuja nao hawakujua kama kuna kitu kinaitwa kwenda shule bila mlio wa bunduki au bila uzio wa kambi. Shule zilifunguliwa chini ya maturubai. Chakula cha kantini kilikuwa cha PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mimi niliajiriwa kukisimamia: kupokea magunia, kuandika fishi ya stoki, kutoa cha siku, kupeleka rapoti mwisho wa mwezi. Watoto waliniita Papa Depo, kwa sababu ya ufunguo niliouvaa shingoni.

Karatasi ilisema kila mtoto ale gramu 120 za unga wa mahindi, 30 za maharage au dengu za njano, 10 za mafuta na 3 za chumvi. Tulikuwa na watoto 650. Piga hesabu: kilo 78 za unga kwa siku, makopo 39. Maharage kilo 19 na nusu. Hesabu hizo bado nazijua usingizini. Karatasi haikusema kitu juu ya kuni. Kila mtoto aliingia asubuhi na ukuni mmoja kwapani, aliyekosa alirudishwa njiani akautafute, na mwaka baada ya mwaka vijiti vikawa vyembamba kwa kuwa vilima vya nyuma ya mji vilikuwa vinakwisha miti. Haikusema juu ya maji pia, wala juu ya nani atakayeyatia dawa. Baraka kipindupindu ni mwenyeji. Mtu hachoti ziwani akapikia watoto hivi hivi. Yote hayo yalikuwa ya akina mama wa jikoni, waliolipwa kwa kiasi cha chakula na pengine ahsante.

Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa Kibembe, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo. Nilimpa magunia mawili ya kilo hamsini kila asubuhi, apime makopo 39, kinachobaki kirudi depo. Mizani tulikuwa tunaigawana na shule nyingine, inatufikia mara moja kwa mwezi. Mwezi mmoja, siku 22 za mapishi, nikapima kilichobaki. Kilo 88 hazipo.

Nilimwita mbele ya komite ya wazazi. Kosa langu la kwanza hilo, kumwita mbele za watu kabla ya kumwuliza pembeni.

"Mama, unga unakwenda wapi?"

"Unakwenda tumboni, baba."

"Tumboni mwa nani?"

Akanitazama kama anayemtazama mtoto aliyeuliza samaki wanaishi wapi. Hakujibu. Nikaandika barua, akasimamishwa wiki mbili.

Katika wiki hizo mbili nilisimama mwenyewe jikoni, kopo mkononi, nikisawazisha kwa kiganja. Makopo 39, hata chembe isizidi. Siku ya tatu nikagundua kelele kwenye uzio. Walikuwa wadogo, wa miaka mitatu, minne, kila mmoja na kisahani au kifuniko cha sufuria. Dada zao walikuwa darasani. Mama zao walikuwa shambani au ufukweni wakianika ndagala, na mtoto wa kumlinda mdogo alikuwa ni huyo huyo tuliyemwandikisha. Kabla ya kantini asingekuja shule kabisa. Sasa alikuja, na mdogo wake alikuja nyuma yake, akangoja nje. Siku ile dada mmoja alitoka na sahani yake, akakata bugali katikati kwa kidole, akampa mdogo kipande kikubwa.

Niliwahesabu: 31. Kesho yake 35. Kilo 88 kwa siku 22 ni kilo nne kwa siku. Kilo nne ni makopo mawili. Makopo mawili ni sahani 33.

Alikuwa akitia makopo 41. Sokoni kwetu ukinunua kitu bila kuongezewa matabishi unaona umeibiwa. Yeye aliwapikia watoto kwa desturi ya soko. Nilimfuata kwake jioni kumwomba radhi. Alikuwa anatwanga sombe, na hakuacha kutwanga. "Wewe unahesabu majina," akasema, "mimi nahesabu midomo." Asubuhi alikuwa jikoni. Nilijaribu kuomba safu moja zaidi kwenye fishi, ya wasioandikishwa. Safu haikupatikana. Basi tukapunguza kidogo kidogo kila sahani, na kwenye rapoti nikaandika 39. Nasema hivi leo kwa kuwa kazi ile nimeiacha.

Mengine yalibadilika haraka kuliko nilivyoweza kuyafuata. Mwaka 2015 Warundi walikimbia kwao, kambi ikafunguliwa Lusenda, na watoto wao wakaingia katika shule zetu za kando ya barabara. Mimi niliyekula posho ya Lugufu nikawa nawapimia wengine. Hao walikuwa wanadai maharage. Waletee dengu za njano, wanaziangalia kama umewatania. Kuni za kwapani zilikwisha tulipojengewa majiko ya matofali yanayokula nusu ya zile za mafiga matatu. Vikaja vikombe vya plastiki vyenye mistari, kopo langu likatupwa nyuma ya depo.

Halafu Septemba 2019 serikali ikafanya shule ya msingi kuwa bure. Niwe mkweli: niliposikia redioni nilifurahi kama mzazi, nikaogopa kama Papa Depo. Darasa la kwanza peke yake lilijaa hadi dirishani. Orodha ya chakula ilikuwa imekwisha kupitishwa kwa idadi ya zamani, na kwa majuma mengi bugali ulikuwa mwembamba, karibu uji. Wale wadogo wa uzio, kadiri walivyokuwa wakitimiza miaka sita, walikuwa sasa ndani, kwenye orodha, na wadogo zao nje.

Badiliko nililolipenda ni la kununua kwa wakulima wetu. Magunia ya meli yalikuwa yale yale kila mwezi. Mahindi ya bonde la Mutambala hayakuwa hivyo. Yalisagwa mjini, mara laini, mara mazito yenye pumba, na kikombe kile kile cha plastiki kilitoa uzito tofauti kila juma. Rapoti zangu zikawa na makosa, bugali ukawa na ladha. Kuna watoto ambao baba zao ndio waliouza yale mahindi, na walikula kwa majivuno, wakiwaambia wenzao hiki ni cha kwetu. Mwaka 2021 ziwa lilipopanda na kuingia majumbani, ni wakulima wa juu waliotushikilia kwa muda, kwa sababu njia ya kando ya ziwa ilikuwa maji.

Niliacha kazi kabla ya 2025. Nimesikia mapishi yamekuwa ya kukatika-katika, na tangu Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi Februari mwaka ule, shule nyingi zimekuwa pa kulala wakimbizi kabla ya kupokea wanafunzi.

Mama wa jikoni sasa ana meza sokoni Baraka, anauza ndagala wakavu. Nilipita kwake juzi. Chini ya meza nikaliona kopo, lenye kingo zilizopindwa kwa jiwe. Aliliokota siku lilipotupwa. Nikaomba kopo moja. Akalijaza, nikangoja apitishe kiganja. Hakupitisha. Akatia konzi moja juu, ikamwagika pembeni, akatia nyingine.

"Hii usiiandike, Papa Depo."